Historia ya Marehemu Velonjara, Aliyeomba Kijiji Kisimbebe

Mlioketi kwenye mikeka na mliosimama kule uani, wa hapa Antsahavary na mliotoka Antalaha na ng'ambo ya mto, nyumba ya Bemiary inawasalimu, na inaomba mtuvumilie, kwa sababu historia ya marehemu husomwa kichwa kikiwa juu, na hii ya leo tutaisoma tukiangalia chini. Hatuwezi kuficha kitu, nusu yenu mlikuwepo, na nusu nyingine mlisimuliwa na hiyo nusu ya kwanza.

Marehemu Velonjara alizaliwa tarehe 3 Septemba 1950, hapa hapa Antsahavary, katika ile nyumba ya zamani iliyochukuliwa na kimbunga cha mwaka elfu mbili, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bemiary na Mama Kalosoa, nyuma ya dada yake Kalovelo, ambaye yupo hapa, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kukimbia. Mama yao alikuwa akisema mtoto huyu alilia kidogo tu, kisha akanyamaza akawatazama wakunga mmoja mmoja, kama mtu aliyetumwa kukagua kazi.

Aliingia shule ya kijiji mwezi wa Oktoba 1957, akamaliza darasa la sita mwezi wa Juni 1963, na huko shuleni ndiko alikopata cheo chake cha kwanza, kwa sababu watoto walikuwa wakipigana kwenye sufuria ya wali wa mchana, mwalimu akachoka kuwaamua, akampa Velonjara upawa. Akawagawia wote, yeye akabaki na ukoko. Baba yake alimcheka, akasema, "Mtoto wangu anarudi na njaa kila siku, lakini ana cheo cha upawa, nifanyeje?" Tunalitaja hilo la upawa kwa sababu wengi wenu mlimpenda kwa ajili yake, na mlikuwa na haki kumpenda.

Mwaka 1966 alikwenda Antalaha kufanya kazi katika nyumba ya kutengenezea vanila, akawa wa kuzamisha vanila mbichi katika maji ya moto, kuifunika kwenye mablanketi itoe jasho, kuianika na kuianua, miaka minane, na huko akajifunza jambo ambalo alilirudia mpaka likatuchosha, kwamba vanila ikichumwa kabla ya ncha yake kuanza kuwa njano haina harufu, itapendeza kwa macho wiki chache kisha itaota ukungu. Alirudi hapa tarehe 12 Mei 1974, na blanketi moja la sufi na kizibo chenye sindano, maana kila mkulima wa kwetu hutoboa alama yake kwenye vanila ingali mtini, ili ikiibwa ijulikane ni ya nani. Alama yake ilikuwa mwezi mwandamo na nukta tatu chini yake. Hakuna aliyekuwa haijui, mtoto mdogo alikuwa akiijua kama anavyojua sura ya babu yake.

Tarehe 21 Agosti 1976 alimwoa Soazafy, binti wa Mzee Zafilahy wa kule kivukoni, na siku ya harusi aliyesema kwa niaba ya upande wa mke alikuwa kaka yake bibi harusi, Tombosoa, ambaye wengi tulimwita Tombo. Alisimama na kikombe chake akasema, "Shemeji, dada yangu anakoroma, na akinuna hununa mwaka mzima, nakuambia leo mbele za watu, usije ukanirudishia." Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe ya miwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Zara aliyezaliwa 1978, Jaona aliyezaliwa 1982, na mmoja wa mwaka 1985 ambaye hakukaa, na wajukuu sasa ni watano. Tangu Zara azaliwe, Soazafy alimwita mumewe Baba Zara, na yeye akaitika hivyo miaka yote, mpaka mahali tutakapofika.

Chama cha wakulima wa vanila cha hapa kilianzishwa tarehe 8 Februari 1998, na marehemu akachaguliwa mwenyekiti, wakati ambapo, wazee mnakumbuka, kila mwanamume wa kijiji hiki alikuwa akilala shambani na panga kuanzia Aprili mpaka Julai, ndugu anamwogopa ndugu, na kwa kuogopa kuibiwa kila mtu anachuma mapema kuliko jirani, na kwa sababu kila mtu anachuma mapema, vanila yetu ilikuwa mbovu na wanunuzi walitudharau. Yeye alituambia tuchague siku moja, tuchume sote siku hiyo, ikiwa imekomaa, tuuze pamoja. Lilikuwa neno dogo, lakini lilichukua miaka kumi na nne kukubalika, na tarehe 14 Aprili 2012 kijiji chote kikakaa kufanya mapatano, yale tunayoyaita dina, kwamba kabla ya siku iliyotangazwa hakuna mkono utakaochuma.

Ikabaki adhabu. Mzee mmoja akasema atakayevunja alipe ng'ombe, na Jaofeno, ambaye ni mtani wa nyumba yetu na ana ruhusa ya kusema lolote, akasema, "Basi mwenye ng'ombe kumi ana ruhusa ya kuvunja mara kumi, si ndiyo? Andikeni vizuri, nina shemeji tajiri." Watu wakacheka, na katika kucheka huko marehemu akasimama, akasema, "Tusimtoze kitu. Akifa, tusimbebe."

Kwetu watu wanagombana kwa mipaka, kwa wake, kwa kuku, lakini mtu akifa wanaume wa kijiji chote wanaweka mabega chini ya jeneza, hata aliyekuwa hasemi naye tangu utoto, na asiyebebwa ni kama mtu ambaye hakuwa na watu. Jaofeno alijaribu tena, akasema, "Mwenyekiti, na mimi nilivyo mnene, si mtapata kisingizio?" wakacheka kidogo, kisha wakakubali, wakainua mikono mmoja mmoja, na Tombo naye akainua wake.

Mwisho wa Mei mwaka uliofuata, 2013, Tombo alichuma. Hakujificha, alikuja mwenyewe kwa marehemu, akakaa kwenye kizingiti, akasema, "Shemeji, nimechuma. Mashamba yenu nyinyi yamezungukwa na mashamba, langu limezungukwa na wapita njia. Sikuweza kulala."

"Sote tunaogopa, Tombo. Ndiyo maana tukapatana."

"Wewe unaogopa ukiwa katikati ya watu. Si sawa."

"Hofu haichumi vanila," marehemu akamwambia. "Mikono ndiyo inayochuma."

Tombo akaondoka, na jambo likabaki hivyo, kwa sababu alikuwa hai, na aliye hai huhesabu kwamba siku ya kubebwa iko mbali. Tarehe 9 Februari 2014 alikufa kwa homa, katikati ya mvua. Soazafy alikwenda kwa mumewe, akapiga magoti, na maneno yake tunayo kama alivyoyasema, "Baba Zara, huyu ni Tombo. Simama wewe tu, wengine wanakusubiri wewe, ukisimama watasimama."

"Nikisimama kwa shemeji yangu, kesho nitamwambia nini mwenye shemeji yake?"

"Utamwambia ulikuwa na mke," akasema Soazafy.

Hakusimama. Alilia, hilo tunalijua, lakini alilia akiwa mlangoni. Aliyebeba ni Soazafy, mwanamke, jambo ambalo kwetu halikuwahi kuonekana, na Baozara mjane wa Tombo, na kaka wawili wa Baozara, wanne tu, kwenye mlima ule wa makaburini uliokuwa matope matupu, na kwenye kona ya juu jeneza likateleza, Baozara akaanguka chini yake, goti likavunjika, ndiyo maana mpaka leo anachechemea. Wengi wenu mlikuwa milangoni mkiangalia. Hatusemi hivyo kuwalaumu, aliyewaweka milangoni ni huyu tunayemzika.

Tangu jioni ile Soazafy hakumwita tena Baba Zara. Alimwita Bwana Mwenyekiti. "Bwana Mwenyekiti, chakula." "Bwana Mwenyekiti, kuna mgeni." Alimpikia, alimfulia, alimmiminia maji yake yaliyochemshwa kwenye ukoko, yanywewayo kwetu baada ya wali, kama kawaida, hakumnyima kitu isipokuwa lile jina, na aliyezoea kuitwa kwa mtoto wake anajua ni kitu gani alichonyimwa.

Na chama kikanenepa. Ni lazima tulisome hata hilo, kwa sababu ndipo aibu ilipoanza kukua bila sisi kuiona. Watu walisema, ikiwa amemwacha shemeji yake, basi huyu hacheki na mtu, neno lake ni neno, na wakamwamini kuliko walivyowahi kumwamini mtu. Mnunuzi wetu wa Antalaha akafika mahali akawa hafungui mafungu, anauliza tu, "Hii ni ya Antsahavary?" anapakia. Mabati mengi mnayoyaona hapa ni ya miaka hiyo, na chumba cha mkunga, na daraja la miti pale kijitoni.

Ikaja 2017. Mwezi Machi kimbunga kikang'oa miche ya vanila karibu nusu, na iliyobaki ikapanda bei mpaka watu wakawa wanaitaja kwa kunong'ona, na katika mabonde ya jirani wezi wakaanza kuingia mashambani mchana kweupe. Mwezi Mei marehemu aliwakusanya wanachama, walikuwa wameshaanza kunoa mapanga, akawaambia, "Wekeni hayo. Tukirudi kulala shambani tumerudi tulikotoka. Laleni nyumbani kwenu, siku ni tarehe 10 Julai, mimi ndiye ninayewaambia." Mkaweka. Mkalala nyumbani. Yeye hakulala.

Jumanne ya tarehe 20 Juni 2017, siku ambayo kwetu ni mwiko kuingia shambani, na kwa hiyo bonde zima halikuwa na mtu, marehemu aliingia katika shamba lake, akachuma vanila yote iliyokuwa mtini, mbichi, akaijaza magunia mawili, akamuuzia dalali wa Sambava aitwaye Mosesy, kule njia panda, na wakanywa kahawa pamoja. Hakuwa na mgonjwa. Hakuwa na ada ya mtoto, nyumba haikuvuja, mke alikuwa mzima. Ndugu waombolezaji, tumekaa siku tatu tukitafuta sababu ya kuwaletea hapa, na tumekosa. Aliogopa, basi, kama Tombo alivyoogopa, naye alikuwa katikati ya watu.

Kesho yake vijana wa chama, waliokuwa wakilinda kivuko, walimsimamisha Mosesy, wakafungua magunia, wakaona mwezi mwandamo na nukta tatu. Sasa hebu fikirini walivyokuwa wakimwamini. Waliiona alama ya mwenyekiti kwenye vanila mbichi, wiki tatu kabla ya siku, na halikuwajia hata kidogo kwamba ameiuza mwenyewe. Walimfunga Mosesy mikono, wakamleta mbio mpaka uani hapa, wakipiga kelele, "Mwenyekiti, umeingiliwa. Lakini tumempata, yuko hapa, tulia."

Mosesy akasema, "Mwulizeni mwenyewe. Mzee, waambie. Si jana tu tulikuwa tunakunywa kahawa?"

Kijana mmoja akampiga kofi. "Unamsingizia nani, wewe? Unamjua huyu?"

Wakageuka wote kumtazama marehemu, na hapo palikuwa na nafasi, ndogo lakini ilikuwepo, na yeye akasema neno moja.

"Nimeibiwa."

Mosesy akafungiwa kwenye ghala la chama. Na habari ikatembea, kwamba wezi wamefika bondeni, wamemwingilia hata mwenyekiti, na alfajiri ya Alhamisi kila nyumba ilikwenda shambani, waume na wake, wakachuma kila kilichokuwa na umbo la vanila, ikiwa kijani kama majani, na kufika Ijumaa adhuhuri bonde la Antsahavary lilikuwa tupu. Miaka kumi na tisa ya maneno yake ilimalizika kwa siku moja na nusu, na waliokuwa wakichuma walikuwa wakimwonea yeye huruma.

Maana mlimletea pole. Wanawake walikuja na mchele, na bibi mmoja, amekwisha fariki, alikuja na mayai kwenye kitambaa chake cha kichwa, na jioni ya Alhamisi akaja Baozara, akichechemea, na kuku mkononi. Alikuwa hajakanyaga uani hapa tangu amzike mumewe. Alimkabidhi Soazafy yule kuku, akasema, "Mlikuwa na sheria zenu, lakini kuibiwa ni kuibiwa," akaondoka bila kukaa.

Soazafy alimchinja, akampika, akampakulia mumewe, na alipokuwa akimnawisha maji akaona mikono, malengelenge kutoka kiganjani mpaka kiwiko, yale yanayoletwa na utomvu wa vanila mbichi mtu akiichuma kwa wingi na kwa haraka. Marehemu akavuta mikono ya shati.

"Hofu haichumi vanila, Bwana Mwenyekiti," Soazafy akamwambia. "Hebu nione hiyo inayochuma."

Soazafy akasukuma sahani mbele yake.

"Kula. Ni kuku wa Baozara."

Akamla. Hilo ndilo tunaloliona gumu kulisoma kuliko yote, na Soazafy mwenyewe ametaka lisomwe, kwamba alimla yule kuku, polepole, mpaka akamaliza, na yeye mke akakaa mbele yake akimwangalia.

Ijumaa tarehe 23, walipokuwa wakijiandaa kumpeleka Mosesy kwa askari, marehemu alikwenda ghalani, akafungua mlango, akamfungua kamba kwa mikono ile yenye malengelenge, mbele ya watu wote, akasema, "Sikuibiwa. Nilichuma mwenyewe Jumanne, nikamuuzia huyu, akanilipa haki yangu. Nilipoulizwa nikadanganya." Yule kijana aliyepiga kofi akaketi chini kwenye tope. Mama mmoja, mikono yake bado mibichi kwa utomvu, akauliza, "Na sisi, mbona tumechuma?" na sote tulikuwa tumelielewa jibu. Hata Jaofeno, ambaye hajawahi kukosa la kusema, siku ile alivaa kofia yake akaenda nyumbani. Na mnunuzi alipokuja mwezi Septemba, akafungua fungu moja, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akalinusa, akalifunga, akaondoka na gari tupu.

Tarehe 8 Julai 2017 alijiuzulu, kabla ya kuambiwa. Katika kikao hicho Jaofeno alisema, "Jamani, tumechuma sote. Tukifuata mapatano, kijiji hiki watu watakufa waozee vitandani. Tuifute hii adhabu." Wengi wakasema kweli. Marehemu akaomba nafasi, akasimama kule nyuma karibu na mlango, akasema, "Nyinyi mlichuma kwa sababu ya neno langu, kwa hiyo kosa lenu ni langu. Yenu ifuteni. Yangu iacheni. Tombo hakubebwa, na mimi msinibebe." Watu wakainuka mmoja mmoja wakaenda zao. Adhabu ya wengine ilikwisha siku hiyo, hilo linajulikana, lakini yeye hakujibiwa ndiyo wala hapana, na mpaka asubuhi ya leo hajajibiwa.

Kuanzia mwezi Agosti mwaka huo alianza kutengeneza njia ya makaburini. Mnaipita, mnaijua. Alitoa mawe mtoni, akayapandisha kwa kikapu, akayapanga, kipande kwa kipande, msimu kwa msimu, na pale kwenye kona ya juu, jeneza la Tombo lilipoteleza, akajenga ngazi pana. Hakuomba mtu amsaidie, na hakuna aliyemsaidia, ila Jaofeno alikuwa akipita anasema, "Velonjara, wafu wanashukuru, lakini wanasema umeegemea kushoto." Baozara alipita mara moja, akasimama na fimbo yake, akatazama zile ngazi.

"Mimi sikutaka mawe," akasema. "Nilitaka mabega."

"Najua, shemeji," marehemu akamwambia. "Siku ile nilikuwa nayo."

Baozara akapanda zake. Marehemu akarudi mtoni kuchukua jiwe lingine. Njia ilifika kileleni mwezi wa Mei mwaka jana, 2023, na jioni hiyo alimwambia mwanawe Jaona, "Nimeipima kwa watu wanne. Wanne wanatosha, msiwe na haraka kwenye kona."

Ugonjwa ulianza Novemba mwaka huo huo, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, tukaambiwa ni moyo. Alilazwa hospitali ya Antalaha kuanzia tarehe 4 mpaka 19 Machi 2024, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani, akaenda vizuri mpaka Julai, kisha ikawa hawezi tena kulala chali, anakaa ameegemea ukuta. Aliwaita watoto wake, akawaambia, "Nikifa msiombe watu. Mkiwaomba mtakuwa mmewalazimisha, na mimi nimekwisha kuwalazimisha vya kutosha." Alifariki Jumapili tarehe 11 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri. Soazafy alikuwa amekwenda kumchotea maji. Anasema alikuwa ameshaamua, kwamba akirudi na yale maji atamwita jina lake, amwambie, "Baba Zara, nawa uso," alikuwa akilisema moyoni njia nzima kutoka kisimani, na alipoingia hapakuwa na wa kuitika. Miaka kumi, na akachelewa kwa ndoo moja ya maji. Hayo ni yake, ameomba tuyaweke hapa kwa sababu hana pengine pa kuyaweka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Antalaha, hasa yule dada wa wodi aliyemwinua kila saa ili apate pumzi. Tunawashukuru majirani kwa kuni, mchele na mikeka, mmeleta bila kuitwa, na wakati mkileta hatukujua tuangalie wapi. Tunawashukuru wanachama wenzake, ambao msimu huu wamechuma siku moja tena, bila yeye, na yeye alisikia habari hiyo akiwa ameegemea ukuta akatabasamu. Tunamshukuru Jaofeno, ambaye asubuhi ya leo ameingia akagonga jeneza akasema, "Amka, mwizi wa vanila, leo si Jumanne," tukacheka, ndipo tulipoweza kulia. Mosesy, uliyetoka Sambava ukaketi pale karibu na mlango, hukuitwa nasi kwa sababu hatukuwa na uso wa kukuita, tunakuomba radhi ya lile kofi na ya siku mbili za ghalani, mbele ya waliokuona umefungwa. Na Baozara, uliyefika jana, tulipokupa kigoda ukasema, "Nimekuja kuona mlima mtaupandaje," tunakuambia, shemeji, utaona, hatutajificha.

Hatuombi mtu. Amekataza, na hata asingekataza tungeona haya. Kona ya mbele kulia ya jeneza atashika Jaona, kushoto Edmond mume wa Zara, nyuma kulia Soazafy, ambaye mlima huu ameshaupanda na mzigo kama huu, na kona ya nne atashika dada wa marehemu, Kalovelo, mwenye miaka sabini na minane na magoti mabovu, aliyekuwa wa kwanza kumbeba. Kwa hiyo tutakwenda polepole, na kwenye ngazi za juu tutapumzika, na mwenye shughuli nyumbani aende kwenye shughuli zake, hatutamhesabu.

Baba Zara, mkeo anasema maji yapo, uso umenawishwa, twende. Ukapumzike kwa amani, karibu na Tombo, kama atakupisha.